Umesasisha mfumo, skrini imeharibika: jinsi ya kulisaka kosa la draiva ya grafiki

Jana usiku kompyuta ilikuwa nzima. Ukaikubalia isasishe mfumo, ukaenda kulala. Asubuhi unakuta herufi kubwa kama za bango, au dirisha ukiliburuta linaacha kivuli nyuma yake, au kioo ni cheusi kabisa na feni inazunguka tu. Wengi wakifika hapa hukimbilia moja kati ya mambo mawili: kufuta mfumo wote na kuuweka upya, au kupakua programu inayojinadi kurekebisha draiva zote kwa kubofya mara moja. La kwanza hula siku nzima, na mara nyingi halikuhitajika. La pili nakusihi usilifanye kabisa. Programu za namna hiyo zinaweza kukuwekea draiva isiyo ya kadi yako, na ulichokuwa nacho kama tatizo moja kikawa matatu.

Draiva ya grafiki ni mkalimani kati ya mfumo endeshi na kadi ya grafiki, kifaa kinachochora picha ya skrini. Sasisho la mfumo huwa limemtendea mkalimani huyu moja kati ya haya: limemwondoa na kumweka mwingine, limemwacha alivyo huku lugha ya mfumo ikibadilika, au halikumgusa, ila limerudisha mipangilio yako mwanzo. Kila hali ina dawa yake, na dawa ya moja haitibu nyingine. Ndiyo maana kazi ya kwanza ni kujua uko kwenye ipi.

Kwanza iulize kompyuta inatumia draiva gani

Kama bado unaona kitu kwenye skrini, usiondoe chochote kabla hujapata jibu la swali hili. Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika `devmgmt.msc`, kisha fungua mstari ulioandikwa "Display adapters".

Ukikuta jina kamili la kadi yako bila alama yoyote, draiva ipo na imepakiwa. Kosa liko kwenye toleo lake au kwenye mipangilio. Jina likiwa na pembetatu ya njano, kuna kitu kimeizuia draiva kufanya kazi, na kuna nambari itakayokuambia ni nini. Ukikuta "Microsoft Basic Display Adapter", draiva ya kadi haipo na mfumo umeshika ile ya dharura. Na kama kadi haionekani kabisa, fungua menyu ya "View" uchague "Show hidden devices". Ikijitokeza kwa rangi iliyofifia, mfumo unaikumbuka lakini hauioni tena, na hapo mashaka yako yaanzie kwenye BIOS (programu ya msingi inayoanza kabla ya mfumo), kwenye nafasi kadi ilipochomekwa na kwenye nyaya zake za umeme, kabla ya kufika kwenye draiva.

Bofya jina la kadi mara mbili, ingia sehemu ya "Driver", na uandike mahali tarehe na nambari ya toleo. Kisha fungua Settings, Windows Update, halafu Update history. Watu husoma orodha ya juu na kuishia hapo. Wewe shuka hadi "Driver updates". Ukikuta draiva ya kadi yako imeorodheshwa kwa tarehe ya jana, umeshampata mhusika bila kubahatisha.

Kwenye Linux amri mbili zinatosha:

`lspci -k | grep -A 3 -E "VGA|3D|Display"`
`glxinfo -B`

Ya kwanza inakuonyesha mstari wa "Kernel driver in use": nvidia, nouveau, amdgpu, i915 au xe. Mstari huo usipokuwepo, hakuna draiva iliyoishika kadi. Ya pili inakuonyesha nani hasa anachora picha. Ukisoma `llvmpipe` kwenye mstari wa "OpenGL renderer", basi prosesa ndiyo inayochora kila kitu na kadi imekaa bure. Hiyo peke yake inaeleza kwa nini video inakatakata na feni inalia.

Herufi kubwa, video inakatakata

Hii ndiyo sura ya draiva ya dharura kwenye Windows. Inaonyesha picha, haifanyi zaidi. Monita ya pili haiwaki. Kwenye laptopu, vitufe vya kupunguza mwanga havina athari. Chaguo la "Sleep" linaweza kutoweka kwenye menyu ya kuzimia, na dalili hiyo ya mwisho huwapoteza watu wengi, wakaanza kutafuta ubovu kwenye betri ilhali chanzo ni draiva ya grafiki.

Njia ambayo karibu kila mtu huijaribu kwanza ni kubofya kulia na kuchagua "Update driver", kisha kuiacha Windows itafute yenyewe. Ikijibu kwamba draiva bora imeshasakinishwa, usiichukulie kuwa hukumu. Maana yake ni kwamba hiyo ndiyo bora katika zile ilizonazo. Haimaanishi kwamba ndiyo inayoifaa kadi yako.

Kwa laptopu, anza kwenye ukurasa wa mtengenezaji wa laptopu yenyewe, kwa modeli yako kamili. Laptopu nyingi zina kadi mbili, ile iliyo ndani ya prosesa na ile ya nguvu, na picha ya moja mara nyingi hupitia nyingine ili kufika kwenye skrini. Mtengenezaji huwa amezioanisha draiva zake. Kisakinishi cha Intel, kwa mfano, kinaweza kukukatalia kwa ujumbe kwamba draiva hiyo haijathibitishwa kwa kompyuta yako. Huo ni mwongozo wa kukurudisha kwa mtengenezaji. Kwa kompyuta ya mezani mambo ni mepesi: nenda moja kwa moja kwa NVIDIA, AMD au Intel, chagua kadi na toleo la mfumo, pakua.

Pembetatu ya njano na nambari zake

Bofya kadi mara mbili usome kisanduku cha "Device status". Nambari iliyo mwishoni inafaa kuliko maelezo yanayoitangulia.

Nambari 28 inasema hakuna draiva, sakinisha. 22 inasema kifaa kimezimwa na mtu au programu; kiwashe hapohapo. 14 inataka uwashe upya. 31 na 39 zinaelekeza kwenye draiva iliyoshindwa kupakiwa au iliyoharibika, na hapo dawa ni kuisafisha kisha kuisakinisha upya. 52 inasema saini ya kidijitali ya draiva haikuthibitika. Huwapata wenye draiva za zamani au zilizorekebishwa na watu, na nisingekushauri uzime ukaguzi wa saini ili upate picha nzuri, kwa sababu draiva inafanya kazi ndani kabisa ya mfumo, mahali ambapo msimbo usiojulikana asili yake unaweza kufanya lolote.

Nambari 43 ndiyo inayowatia watu hofu. Inasema kifaa chenyewe kimeripoti tatizo, nao huitafsiri kuwa kadi imekufa. Imekufa wakati mwingine. Lakini ikiwa 43 imetokea siku ya sasisho na si kabla, ipe draiva nafasi kwanza: isafishe, sakinisha toleo lililokuwa linafanya kazi, zima kompyuta kabisa, iwashe. Ikirudi hata kwa draiva ya zamani, ndipo uanze kuishuku kadi.

Skrini nyeusi: imekuwa nyeusi wakati gani?

Swali hili lina thamani kubwa kuliko yote kwenye mwongozo huu, na watu huliruka. Washa kompyuta na utazame kwa makini.

Kama ni nyeusi tangu mwanzo, hata nembo ya mtengenezaji haitokei, draiva haihusiki. Kwa wakati huo haijapakiwa. Mfumo wenyewe haujaanza. Angalia monita, kebo, na kadi.

Kama nembo inatokea, vidoti vinazunguka, kisha giza linaingia pale unapotarajia ukurasa wa neno la siri, hapo ndipo draiva kamili inapokabidhiwa skrini kutoka kwa ile ya msingi. Makabidhiano yameshindikana. Hii ndiyo skrini nyeusi ya draiva hasa.

Kama umeshaingia, skrini ni nyeusi lakini mshale wa kipanya unaonekana na unasogea, usikimbilie draiva. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc. Dirisha la Task Manager likifunguka, anzisha kazi mpya, andika `explorer.exe`. Meza (desktop) na aikoni zikirudi, grafiki yako ni nzima; kilichoanguka ni programu inayochora meza.

Kabla ya hatua nzito, jaribu mambo mawili yasiyoharibu kitu. Bonyeza kwa pamoja vitufe vya Windows, Ctrl, Shift na B: hiyo huiamuru Windows ianzishe draiva ya grafiki upya bila kufunga programu zako. Utasikia mlio mfupi na skrini itapepesa. Ukisikia mlio lakini hakuna picha, umejifunza kitu: mfumo uko hai nyuma ya giza. Jaribio la pili ni Windows na P, kisha mshale wa chini na Enter, kwa sababu baada ya sasisho picha huenda imeelekezwa kwenye skrini ya pili ambayo haipo.

Yasipofaa, ingia hali salama (Safe Mode). Njia isiyohitaji kuona kitu ni hii: washa kompyuta, na vidoti vinapoanza kuzunguka shikilia kitufe cha kuwashia mpaka izime. Rudia. Mara ya tatu iache iendelee. Windows itatambua kwamba imeshindwa kuwaka mara mbili mfululizo na kufungua ukurasa wa ukarabati. Hapo pitia Troubleshoot, Advanced options, Startup Settings, Restart, kisha bonyeza 4 kwa hali salama, au 5 ukihitaji mtandao. Namba 3 kwenye orodha hiyohiyo huwasha mfumo wa kawaida kwa picha ya ubora wa chini, na kwa wengine hiyo inatosha kuingia na kufanya kazi.

Tahadhari moja ambayo ningependa kila mtu aisome kabla ya siku ya dharura: diski ikiwa imefungwa kwa BitLocker, kifungio cha siri cha Windows, ukurasa huo unaweza kukudai ufunguo wa tarakimu 48. Laptopu nyingi za Windows 11 huja zimefungwa hivyo bila mwenyewe kujua. Kama uliingia kwa akaunti ya Microsoft, ufunguo huwa umehifadhiwa kwenye akaunti yako. Ufungue kwa simu, uuandike. Usianze kubahatisha.

Ukiwa ndani ya hali salama na picha inaonekana vizuri, umethibitisha kosa ni la draiva, maana hali salama huiweka draiva kamili kando na kutumia ile ya msingi. Rudi `devmgmt.msc`, bofya kadi, sehemu ya "Driver", uangalie kitufe cha "Roll Back Driver". Kikiwa hai, kibofye. Kinarejesha draiva iliyotangulia, na mara nyingi safari inaishia hapo. Kikiwa kimefifia, Windows haina nakala ya zamani, kwa hiyo iondoe draiva iliyopo na uwashe upya.

Inazimika kidogo, kisha inarudi

Unacheza au unahariri video, skrini inaganda, inakuwa nyeusi kwa muda mfupi, inarudi, na labda ujumbe unasema draiva iliacha kuitika kisha ikapona. Windows humpa mkalimani wetu sekunde 2 za kujibu. Asipojibu, inamwangusha na kumwinua upya badala ya kuiacha kompyuta nzima igande. Utaratibu huu umekuwepo tangu Windows Vista. Mianguko ikizidi mitano ndani ya sekunde 60, mfumo huacha kuvumilia na kukupa skrini ya buluu yenye `VIDEO_TDR_FAILURE`.

Fungua `eventvwr.msc`, sehemu ya System, utafute tukio nambari 4101. Jina la faili ndani yake litakutajia draiva: `nvlddmkm` ni ya NVIDIA, yanayoanza na `amd` ni ya AMD, yanayoanza na `igfx` au `igdkmd` ni ya Intel. Kwenye laptopu yenye kadi mbili hili ni muhimu mno, kwa sababu unaweza kuhangaika wiki nzima na draiva ya NVIDIA wakati inayoanguka ni ya Intel.

Kuna ushauri umeenea wa kuongeza hizo sekunde 2 kwenye rejista ya Windows. Siupendi. Una nafasi yake kwa anayefanya mahesabu mazito kwenye kadi, lakini kwa mtu aliyeharibikiwa na sasisho unaficha dalili na kuacha ugonjwa. Rudi toleo la draiva la nyuma kwanza. Ondoa pia mwendo wowote wa kadi uliouongeza kupita wa kiwandani, kwa kuwa mipangilio iliyovumilika na draiva ya zamani inaweza kuiangusha mpya. Kama matukio ya 4101 hayaanzi siku ya sasisho bali wiki kadhaa kabla, pima joto la kadi na uangalie umeme.

Kusafisha kabla ya kusakinisha

Kisakinishi cha kawaida huweka draiva mpya juu ya masalia ya zamani. Kwa kawaida hilo halina shida, lakini baada ya sasisho lililokatizwa masalia hayo ndiyo yanayogongana. Kwa Windows, chombo kinachoaminiwa kwa kazi hii ni Display Driver Uninstaller, maarufu kwa herufi DDU, kinachotolewa bure na Wagnardsoft.

Utaratibu wake unahitaji kufuatwa kwa mpangilio. Pakua kwanza draiva utakayoisakinisha, uiweke kwenye diski. Ndipo ukate intaneti, kwa kuchomoa kebo au kuzima Wi-Fi, kwa sababu Windows ikiona kadi haina draiva itaharakisha kuleta yake kabla hujafika. Ingia hali salama, fungua DDU, chagua aina ya kadi, kisha agiza isafishe na kuwasha upya. Ukirudi utaona ile picha ya dharura yenye herufi kubwa, ndivyo inavyotakiwa. Sakinisha draiva uliyoiandaa, washa upya tena, kisha rudisha intaneti. Ukikata intaneti baada ya kusafisha badala ya kabla, kazi yote inaweza kuwa bure.

Sauti ya kwenye monita au televisheni ikipotea baada ya zoezi hili, ni kwa sababu draiva ya sauti ya HDMI husafiri ndani ya kifurushi cha grafiki. Rudia usakinishaji uhakikishe kipengele hicho hukukiondoa.

Unaiondoa, inarudi yenyewe

Umeweka toleo zuri, siku mbili baadaye Windows Update imelirudisha lile lililokuharibia. Toleo la Pro lina sera ya kuzuia draiva zisiletwe pamoja na masasisho: fungua `gpedit.msc`, na kwenye sehemu za Windows Update tafuta "Do not include drivers with Windows Updates". Kwa toleo la Home, Microsoft waliwahi kutoa chombo kidogo kiitwacho `wushowhide.diagcab` cha kulificha sasisho moja tu, ingawa huenda usikipate tena kwao. Mimi huona kuficha moja ni bora kuliko kuzuia yote, kwa kuwa draiva za vifaa vingine nazo huleta marekebisho ya usalama.

Ukitaka kuona draiva zote zilizohifadhiwa ndani ya mashine, fungua dirisha la amri kama msimamizi uandike `pnputil /enum-drivers`. Utakuta majina kama `oem12.inf`, kila moja na mtoaji wake na tarehe. Lile baya unaliondoa kwa `pnputil /delete-driver oem12.inf /uninstall`, ukiweka nambari yako badala ya 12. Soma mara mbili kabla ya kubonyeza Enter.

Linux: kerneli imesonga, moduli imebaki

Kwa AMD na Intel, draiva huja ndani ya kerneli yenyewe, yaani kiini cha mfumo wa Linux, kwa hiyo zinasasishwa pamoja na hazipotezani. Zikileta shida, angalia ripoti za kerneli kwa amri ya `dmesg`, utafute maneno "Direct firmware load" na "failed". Hiyo inaonyesha kerneli mpya inatafuta faili la firimwea (programu ya ndani ya kadi) ambalo kifurushi cha `linux-firmware` ulichonacho hakina. Kisasishe, washa upya.

Shida kubwa iko kwa draiva ya NVIDIA, ambayo ni moduli, yaani kipande kinachopachikwa kwenye kerneli, na kwa watumiaji wengi hutengenezwa upya kwa kila kerneli. Ni kama ufunguo: kufuli ikibadilishwa, ufunguo wa jana haufungui. Kuna njia kadhaa za kukosea hapa, nami nitazipanga kwa ujumbe utakaouona.

`Driver/library version mismatch`, ukiandika `nvidia-smi`. Sasisho limebadilisha maktaba kwenye diski, lakini moduli iliyo kwenye kumbukumbu bado ni ya zamani. Washa upya tu. Hakuna cha kusakinisha, na wanaosakinisha hujiongezea kazi.

`NVIDIA-SMI has failed because it couldn't communicate with the NVIDIA driver`, hata baada ya kuwasha upya. Moduli haikutengenezwa kwa kerneli hii. Linganisha `uname -r`, inayotaja kerneli yako, na `dkms status`; DKMS ndiyo inayotengeneza moduli upya kwa kila kerneli. Kerneli unayoitumia isipoorodheshwa, sababu ya kawaida ni kukosekana kwa vichwa vya kerneli (headers), faili zinazohitajika kuitengeneza moduli. Kwenye Ubuntu au Debian:

`sudo apt install linux-headers-$(uname -r)`
`sudo dkms autoinstall`

Kwenye Fedora kazi hii hufanywa na chombo kiitwacho akmods, nacho inahitaji dakika kadhaa baada ya sasisho. Wanaowasha upya papo hapo hukikatiza kikiwa njiani. Andika `modinfo -F version nvidia` usubiri mpaka ijibu kwa nambari ya toleo, ndipo uwashe upya.

`Key was rejected by service`. Moduli ipo ila Secure Boot, ulinzi unaokubali msimbo wenye saini inayojulikana tu, imeikataa kwa kutoitambua saini yake. `mokutil --sb-state` itathibitisha kama Secure Boot imewashwa. Ubuntu, wakati wa kusakinisha, ilikuomba uweke neno la siri, na ulipowasha upya ikafungua ukurasa wa buluu wenye "Enroll MOK". Ukurasa huo hausubiri. Ukiupita, ufunguo haujaandikishwa. Urudishe kwa `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, washa upya, na safari hii kaa mbele ya skrini.

Kama ulisakinisha draiva kwa faili la `.run` kutoka tovuti ya NVIDIA bila kuiunganisha na DKMS, basi kila kerneli mpya itakuvunjia. Iondoe kwa `sudo nvidia-uninstall`, utumie vifurushi vya mfumo wako. Kwenye Ubuntu ni `sudo ubuntu-drivers install`.

Na ukiwa gizani kabisa? Jaribu Ctrl, Alt na F3. Ukipata ukurasa wa maandishi, ingia ufanye kazi hapo. Usipoupata, wakati wa kuwasha fungua menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo, ingia "Advanced options", uchague kerneli iliyotangulia. Hiyo ndiyo njia ninayoipenda kuliko zote, maana kerneli ya zamani bado ina moduli yake na kompyuta inaamka kama vile hakuna kilichotokea. La sivyo bonyeza `e` kwenye mstari wa kerneli, ongeza `nomodeset` mwishoni mwa mstari unaoanza na `linux`, kisha F10. Nyongeza hiyo ni ya kuwasha mara hiyo tu. Usiiache humo daima ukadhani umepona. Kadi haifanyi kazi yake ikiwa `nomodeset` ipo.

Kadi iliyoachwa na matoleo mapya

Wakati mwingine hakuna kilichoharibika. Sasisho limeleta draiva ya tawi jipya, yaani mfululizo mpya wa matoleo, na tawi hilo halijui tena kadi yako. Kwa NVIDIA, kadi za kizazi cha Fermi ziliishia tawi la 390, Kepler 470, na kadi za Maxwell na Pascal, pamoja na GTX 1060 na 1080 ambazo bado zinatumika mno, tawi lao la mwisho ni 580. AMD nao waliacha kutoa draiva mpya kwa familia za HD 7000 hadi R9 300 na Fury mnamo Juni 2021.

Kwenye Linux kuna mtego wa ziada: moduli za wazi za NVIDIA zinafanya kazi kuanzia kizazi cha Turing, yaani GTX 16 na RTX 20, kwenda juu. Pascal akipewa moduli hizo, ripoti za kerneli zitasema kadi haina GSP, prosesa ndogo ambayo moduli hizo zinaihitaji, na moduli itakataa. Kinyume chake, kadi za RTX 50 hazikubali moduli za zamani zilizofungwa. Hakikisha umechagua aina sahihi ya kifurushi kabla ya kulaumu sasisho.

Yanayofanana na kosa la draiva

Monita ya Hz 144 inayoonekana nzito baada ya sasisho huenda imerudishwa Hz 60. Ni mpangilio mmoja kwenye Settings, Display, Advanced display. Mchezo uliokuwa mwepesi ukawa mzito kwenye laptopu, huenda umehamishiwa kadi iliyo ndani ya prosesa. Kwenye Display, Graphics, uchague programu hiyo uipe kadi ya nguvu. Mchezo unaokatakata kwa dakika za mwanzo tu, kisha ukatulia, unatengeneza upya akiba yake ya sheda (programu ndogo za kuchora) baada ya draiva kubadilika; uache ucheze. Na kwenye kompyuta ya mezani, geuza nyuma uone kebo ya monita imechomekwa kwenye kadi au kwenye ubao mama. Ikiwa kwenye ubao mama, kila ulichokisakinisha kwa ajili ya kadi hakikuonekana na hakitaonekana.

Ikibidi kurudisha mfumo wenyewe

Draiva zote zikishindwa, sasisho la mwezi linaondolewa kwenye Update history, au kwenye ule ukurasa wa ukarabati kwa "Uninstall Updates". Sasisho kubwa la toleo zima lina siku 10 za kurudi nyuma, kisha Windows hufuta mfumo wa zamani. Ukihisi utahitaji muda zaidi, andika `DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:30` kama msimamizi kabla ya siku hizo kwisha. Inakubali hadi 60. Usiendeshe programu ya kusafisha diski katika kipindi hicho, maana folda ya `Windows.old` ndiyo daraja lako la kurudi.

Kuna dalili moja inayofunga mjadala mapema. Ukiona mistari ya rangi, vidoti au miraba kwenye skrini, washa upya uingie BIOS. Huko hakuna Windows wala Linux, na hakuna draiva iliyopakiwa. Mistari ikiwepo hata huko, jaribu kebo nyingine na monita nyingine, na ikibaki, kadi ndiyo mbovu.